Kusikiliza Nako ni Kipimo: Madaktari Wanapojifunza Utafiti wa Kitaamuli

Daktari anayeanza masomo ya ubingwa huingia darasani akiwa amezoea kuhesabu. Anajua kusoma kiwango cha sukari katika damu na kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa. Anapoandaa tasnifu yake ya shahada ya uzamili, mara nyingi swali lake huanza na neno "wangapi". Swali hilo ni la lazima, kwani bila hesabu hatuwezi kupanga dawa wala vitanda. Hata hivyo, yapo maswali ya tiba yasiyojibika kwa idadi. Kwa nini mama amechelewa kumleta mtoto mwenye homa? Mgonjwa anauelewaje ugonjwa wake? Utafiti unaoshughulikia maswali ya namna hii huitwa utafiti wa kitaamuli, na data yake ni maneno ya watu, matendo yao na mazingira wanamoishi.

Mkoa wa Kagera una matukio mawili yanayofaa sana kulifundishia somo hili.

La kwanza lilianza tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya Tanganyika kupata uhuru. Katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali ilienea. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wanafunzi waliporudishwa makwao, hali hiyo ilijitokeza pia Nshamba, ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba, na watu 217 wakaathirika. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwa Kihaya endwara y'okusheka, yaani maradhi ya kucheka. Hakuna aliyekufa.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip waliuchunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963. Damu ilipimwa, maji ya uti wa mgongo yalipimwa, na chakula kilichunguzwa kama kina sumu. Hakikuonekana kisababishi chochote, nao wakahitimisha kuwa ilikuwa hali ya kisaikolojia iliyoenea katika kundi. Vipimo vilifanya kazi yake: viliondoa hofu ya sumu na ya maambukizi. Lakini ndani ya taarifa hiyo kuna maelezo mafupi ambayo mwalimu wa utafiti hawezi kuyapita: wagonjwa walisema kwamba vitu vilikuwa vikizunguka kichwani, na kwamba waliogopa kuwa kuna mtu anawakimbiza.

Hapo ndipo zoezi la darasani linapoanzia. Mwanafunzi hutakiwa aandike maswali ambayo angemuuliza msichana aliyesema hayo. Kwa kawaida jaribio la kwanza huzaa maswali kama haya: "Je, unawaogopa walimu?" au "Je, umewahi kupata kifafa?" Haya ni maswali ya ndiyo na hapana, na jibu tayari limo mdomoni mwa muulizaji. Tunamrudisha mwanafunzi aandike upya mpaka afikie maswali yanayomwachia msimulizi njia: "Tafadhali nisimulie siku ile ilivyoanza." "Huyo anayekukimbiza, unamwonaje?" "Nyumbani wanasema nini juu ya jambo hili?" Kisha anajifunza kunyamaza. Daktari aliyezoea foleni ndefu huona kimya kuwa ni muda unaopotea, ilhali mara nyingi neno zito hutoka baada ya kimya hicho.

Tukio la pili ni zito zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Uganda. Jina hilo lilibeba maelezo kamili ya watu kuhusu asili ya ugonjwa: nani ameuleta, kwa njia gani, na nani wa kulaumiwa. Daktari asiyelifahamu jina hilo asingejua mgonjwa wake anaogopa nini.

Watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima kiwango cha maambukizi miongoni mwa watu wazima. Katika Bukoba Mjini kiwango kilikuwa asilimia 24.2 mwaka 1987, kikashuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993, na asilimia 13.3 mwaka 1996. Takwimu zilithibitisha kwamba maambukizi yamepungua, lakini hazikuweza kueleza kwa nini. Ilibidi watu waulizwe. Utafiti wa kitaamuli ulioongozwa na Joe Lugalla, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha jinsi watu walivyoshtushwa na vifo walivyovishuhudia, wakaanza kuachana na desturi kama kurithi wajane, na kutaka kupima kabla ya kufunga ndoa. Tarakimu na masimulizi vilihitajiana.

Wapo madaktari wanaosema kwamba hizi ni hadithi tu. Shaka hiyo tunaipokea, kwa sababu utafiti wa kitaamuli ukifanywa ovyo huwa kweli ni hadithi tu. Ndiyo maana una kanuni zake. Washiriki huchaguliwa kwa sababu inayoelezeka, na mahojiano huendelea mpaka taarifa mpya zikome kujitokeza. Mazungumzo hunakiliwa neno kwa neno. Yakifanyika kwa Kihaya, tafsiri ya Kiswahili hukaguliwa na mtu wa pili. Kisha mtafiti hupitia kila sentensi, huipa alama ya maana yake, hukusanya alama zinazofanana, na kuitafuta kwa makusudi kauli inayopinga hitimisho lake. Hatimaye hujiuliza koti lake jeupe limebadilisha vipi majibu aliyopewa. Utafiti huu hauwezi kusema ni asilimia ngapi ya watu wana mawazo fulani, na mwanafunzi akijaribu kuusemesha hivyo, tunamsahihisha.

Faida yake huonekana kliniki. Tuchukue mfano wa kufikirika wa mvuvi wa dagaa kutoka kata ya Rubafu, mwambaoni mwa Ziwa Victoria, anayetumia dawa za kufubaza virusi. Amekosa tarehe mbili za kliniki, na katika rejista ameandikwa "mtoro". Akiulizwa "Kwa nini hukuja?" atasikia lawama, ataomba radhi na kunyamaza. Akiombwa asimulie wiki yake ilivyo, huenda akaeleza kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na kwamba wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi. Kalenda ya kliniki haiujui mwezi wa mbinguni, wakati kipato chake chote kinaufuata. Tatizo lililoonekana kuwa ukaidi linageuka kuwa suala la kupanga tarehe, na hilo muuguzi anaweza kulitatua siku hiyohiyo.

Kwa watoa huduma wenzetu, hamhitaji kuwa watafiti ili kuanza. Andikeni katika jalada angalau sentensi moja ya mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya kuitafsiri kwa lugha ya kitabibu.

Kwa wagonjwa na ndugu zao, siku moja daktari anayesoma anaweza kuwaomba mzungumze naye kwa ajili ya utafiti. Mna haki ya kuelezwa madhumuni yake, kujua nani atasikiliza sauti iliyorekodiwa, kuruka swali msilotaka kulijibu, na kukataa kabisa bila matibabu yenu kuathirika. Mkikubali, msitafute jibu la kumpendeza daktari. Katika mazungumzo hayo hakuna jibu la kufaulu wala la kufeli. Mnayoyajua kuhusu maisha yenu na ugonjwa wenu ndiyo ambayo daktari huyo amekuja kujifunza.