Magongo ya Kuazimana

Wengi wetu twadhani kwamba maradhi hukaa ndani ya mtu, wala si juu ya mti au chuma. Likizo iliyopita nilijifunza vingine.

Bibi yangu wa Makambako aliteleza uani asubuhi ya baridi, akateguka kifundo cha mguu. Jirani akatuazima magongo mawili yaliyokwisha kutumiwa na watu watatu. Sehemu ya kwapani ilikuwa imefungwa vitambaa vyenye jasho la hao wote. Baada ya siku chache Bibi alitoka majipu kwapani. Hakusema neno, kwa kuwa aliona haya kuonekana hana shukrani. Nesi alipoyaona aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, magongo haya yalioshwa lini?" Tukatazamana.

Vijidudu vya majipu hukaa puani na juu ya ngozi za watu wengi wazima pasipo kuwadhuru. Vikibaki juu ya kitambaa au plastiki kavu, vyaweza kuishi siku nyingi, hata majuma. Nalo gongo huchubua. Ngozi ya mzee ni nyembamba, basi mlango umekwisha kufunguka.

Kiti cha magurudumu kina hatari yake. Gurudumu hupita chooni, kisha mkono hulishika ili kulisukuma, na mkono huo huo ndio umegao ugali. Hapo huja kuhara. Mahali wanapokaa wazee wengi pamoja, kama makazi ya Njoro kule Moshi au Kolandoto kule Shinyanga, hapana budi uangalifu uzidi, maana ugonjwa wa mmoja hauna safari ndefu kumfikia mwenziwe.

Dawa yake si ghali. Vitambaa vya zamani vitupwe. Gongo lioshwe kwanza kwa maji na sabuni, kwani uchafu huipunguza dawa nguvu. Kisha chukua kikombe kimoja cha jiki yenye klorini 3.5 kwa mia, uchanganye na vikombe 6 vya maji, upake, ungoje dakika 10. Usisahau kusuuza, kwa sababu klorini hula chuma. Mwisho anika juani (ingawa jua la Njombe mwezi wa Juni ni la kutafuta kwa tochi!).

Majipu ya Bibi yalipona. Magongo tuliyarudisha yaking'aa, yamefungwa vitambaa vipya, na Bibi akaongeza kipande cha sabuni.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne