Ukibadili Chujio la Hewa, Usiisahau Jeti

Wengi wetu huamini kwamba pikipiki ikipewa chujio jipya lenye kupitisha hewa kwa wingi, papo hapo itaongezeka nguvu. Imani hiyo si ya uongo, bali ni nusu ya kweli. Nusu ya pili imo ndani ya kabureta, na asiyeijua huilipia kwa pistoni.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Pikipiki yetu ya tarishi ilivuliwa chujio la kiwandani, ikatiwa jingine jepesi, nayo ikaondoka kwa mlio wa kupendeza. Siku chache baadaye, ikipanda mlima kwa kasi, ilizimika. Silinda ilipofunguliwa, kichwa cha pistoni kilikuwa kimetoboka. Fundi hakumlaumu dereva, aliuliza tu, "Na jeti mlibadili?" Tukanyamaza.

Sababu yake ni hii. Hewa ipitapo kwa kasi katika koo jembamba la kabureta, msukumo wake hupungua, na petroli huvutwa kupitia vijitundu viitwavyo jeti. Chujio la awali huibana hewa, na kule kubana huongeza mvuto wa petroli. Likiwekwa jepesi, hewa huzidi, lakini petroli haizidi kwa kadiri ile ile. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huhitaji hewa kama sehemu 14.7. Petroli ikipungua mno, injini hupata joto kali, husita inapoongezwa mwendo, ekzosi hupiga milipuko mwendo unapopunguzwa, na plagi hugeuka nyeupe.

Tiba yake yataka subira. Kwanza hakikisha kwamba mpira uunganishao kabureta na injini haupitishi hewa, kwani ufa hapo huleta dalili zile zile. Kisha nunua jeti kuu yenye namba kubwa kidogo, maana namba ikikua, tundu nalo hukua. Panda hatua moja moja. Jeti kuu hutawala mwendo wa juu. Sindano hutawala mwendo wa kati, na klipu yake ikishushwa mfuo mmoja, sindano huinuka na petroli huongezeka. Jeti ndogo hutawala mwanzo.

Kwa kupima, ipashe injini moto, uende kwa nguvu kamili mahali pasipo watu wala magari, kisha uzime na kubana klachi kwa pamoja. Fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni salama. Nyeupe yadai petroli zaidi. Masizi meusi yaonya kwamba umezidisha.

Kulipanua tundu la jeti kwa waya ni kujidanganya, kwani kipimo hakijulikani tena. Kuondoa chujio kabisa ni kuikaribisha vumbi ya barabara zetu ndani ya silinda. Tena, hewa ya milimani ni nyepesi: jeti ifaayo Kampala, kwenye meta zipatazo 1,200, yaweza kuzidisha petroli katika milima ya Kabale, ipitayo meta 1,800.

Ndugu wananchi, kwa wengi wetu pikipiki ndiyo karo ya watoto na chakula cha jioni. Bei ya jeti ni ndogo sana ikilinganishwa na ya pistoni na silinda. Tahadhari kabla ya hatari.