Kompyuta Inayoendeshwa kwa Macho: Bei Imeshuka, Mlipaji Hajapatikana

Biashara ya programu zinazomwezesha mtu asiyeweza kutumia mikono kuendesha kompyuta kwa macho imejengwa juu ya msingi mmoja, kwamba mtumiaji siye mlipaji, na msingi huo ndio unaoeleza kwa nini bidhaa zake zinafahamika Stockholm na Chicago lakini ni ngeni Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja. Kampuni ya Tobii, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2001, ilinunua kampuni ya Kimarekani ya DynaVox mwaka 2014, na mwaka 2021 tawi lake la vifaa vya watu wenye ulemavu likatengwa na kuwa kampuni inayojitegemea, Tobii Dynavox, yenye hisa katika soko la mitaji la Stockholm. Vifaa vyake vilivyokamilika huuzwa kwa maelfu ya dola, bei ambayo familia nyingi hata za Marekani hazingeimudu pasipo bima. Sheria ya Steve Gleason ya mwaka 2015, iliyopewa jina la mchezaji wa zamani wa kandanda ya Kimarekani mwenye maradhi ya ALS, ambayo huua taratibu neva zinazoongoza misuli, iliulinda ulipaji wa vifaa vya kuzungumzia kupitia Medicare, mfuko wa bima wa serikali, vikiwemo vifuatilia macho, na mwaka 2018 ulinzi huo ukafanywa wa kudumu.

Kifuatilia macho ni kijiti chenye taa za mwanga usioonekana na kamera, ambacho hufungwa chini ya skrini. Mwanga huo hupiga jicho na kuacha nukta ya mng'aro juu ya konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, na programu hupima umbali baina ya nukta hiyo na kitovu cha mboni ili kukadiria sehemu ya skrini inayotazamwa. Kabla ya kazi kuanza, mtumiaji hutakiwa kutazama nukta kadhaa zinazojitokeza moja baada ya nyingine ili mashine ilijue jicho lake, kisha kila anapokazia macho alama fulani kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida haufiki sekunde moja na nusu, kompyuta huhesabu kwamba amebofya. Muda huo ukiwa mfupi mno kila kinachotazamwa hubofywa, na ukiwa mrefu mno macho huchoka. Inafaa kukumbusha hapa kwamba mwanafizikia Stephen Hawking, anayetajwa mara nyingi kuwa mfano wa teknolojia hii, alikuwa akiandika kwa msuli wa shavu, si kwa macho.

Kilichoivunja bei ya zamani hakikutoka kwa watengenezaji wa vifaa vya tiba. Mwaka 2015 mtaalamu wa Uingereza, Julius Sweetland, alitoa bure programu ya OptiKey, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuubadili. Mwaka 2017 Microsoft iliingiza uendeshaji kwa macho ndani ya Windows 10, ukitumia kifuatilia macho kilichouzwa kwa wacheza michezo ya kompyuta kwa dola mia chache. Mwishoni mwa mwaka 2020 Google ilitoa Look to Speak, programu ya simu za Android inayomwezesha mtu kuchagua sentensi kwa kutazama kushoto, kulia au juu. Na mwaka 2024 Apple iliweka ufuatiliaji wa macho katika simu zake kuanzia iPhone 12, bila kifaa cha ziada. Kwa hiyo simu ya mkono wa pili inayouzwa katika maduka ya Darajani, mjini Unguja, inaweza leo kufanya sehemu ya kazi ambayo zamani ilihitaji mashine ya bei ya gari. Ni sehemu tu, kwa kuwa kamera ya kawaida hukosea zaidi kuliko kifuatilia macho halisi, na mtu ambaye kichwa chake hakitulii, kama walivyo wengi wenye mtindio wa ubongo, hapati humo msaada wa kutosha.

Mkokotoni, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, ni mji wa samaki na wa boti za kwenda Tumbatu, na gharama inayobaki pale baada ya bei ya kifaa kushuka ni ya namna nyingine. Ya kwanza ni lugha. Mwandishi wa macho aliyezoea huandika maneno kumi hadi ishirini kwa dakika, na kasi hiyo hutegemea sana programu kukisia neno kabla halijakamilika. Ukisiaji uliotungwa kwa Kiingereza hufuata orodha ya maneno yasiyobadilika sana, ilhali kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja, kiasi kwamba "hawatanisaidia" halimo katika orodha yoyote ya kawaida na mtumiaji hulazimika kulitazama herufi kwa herufi. Sauti ni nafuu kidogo: Microsoft ina sauti za Kiswahili cha Tanzania zilizopewa majina ya Rehema na Daudi, na programu ya eSpeak, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti, nayo husoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi kavu isiyomfurahisha msikilizaji. Hapa pana kazi halisi kwa wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa kuwa msimbo wa OptiKey hauna kufuli.

Gharama ya pili ni huduma. Jua kali huuzima mwanga wa kifuatilia macho, hivyo mgonjwa anayeshinda barazani lazima aingizwe ndani ndipo mashine imwone. Skrini lazima ifungwe mbele ya uso wake kwa pembe inayofaa. Umeme ukikatika, sauti yake hukatika nao. Na maradhi yanapoendelea vipimo vyote hurekebishwa upya. Mfanyabiashara anayeuza kijiti na kuondoka huwa ameuza pambo. Tena, wanaohitaji macho pekee ni wachache miongoni mwa watu wenye ulemavu, hivyo duka litakalotegemea bidhaa hii peke yake litafilisika mapema, na biashara inayoweza kusimama ni ya fundi mmoja anayehudumia viti vya magurudumu, visaidizi vya kusikia na programu kwa pamoja, huku akikodisha vifaa badala ya kuviuza.

Kodi nayo ina tundu lake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu, pamoja na vile vya kuwaendeleza kielimu vinavyoletwa kwa matumizi ya taasisi iliyoidhinishwa na serikali. Kijiti cha bei nafuu, kilichoandikwa kwenye boksi lake kuwa ni cha michezo, hakiingii kwa urahisi katika fungu la kwanza, kwa hiyo anayekiagiza peke yake yuko katika hatari ya kulipa zaidi ya taasisi inayokiagiza kwa jina la wanachama wake. Busara ya kibiashara inaelekeza kwamba uagizaji upitie jumuiya kama Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, uliopo tangu mwaka 1985, au kupitia wizara inayosimamia skuli, na vifaa viwekwe katika hospitali ya Kivunge, iliyo jirani na Mkokotoni, ili viazimwe na kurudishwa.

Ripoti ya mwaka 2022 ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Uzoefu wa Marekani unaonyesha kuwa soko hili hufunguliwa na mlipaji wa umma, na kwa Zanzibar mlipaji aliye karibu zaidi ni Mfuko wa Huduma za Afya uliofunguliwa mwaka 2023, ambao unapaswa kulipia kwanza ujira wa fundi, kisha kifaa.