Katumbi: muzungu ao mwana wa inchi?

Mwaka 2023, hapa Mugunga, sisi wachimbaji tuliokimbia Masisi tulibishana sana juu ya Moïse Katumbi. "Ule ni muzungu," wamoja walisema, sababu baba yake alikuwa Muyahudi wa Ugiriki. Wengine: "Mama yake ni wa kwetu, inatosha!" Kule Katanga, alikokuwa gavana 2007 mpaka 2015, tunaona watu wanamupima kwa kazi.

Lakini sheria aliyotaka Noël Tshiani, rais azaliwe na baba na mama Wakongomani, sisi wa sendika tuliikataa. Hapa Kivu, neno "wewe si Mukongomani" limeisha kuua watu. Bunge halikuipitisha.

Katika kura ya 20 Desemba, Tshisekedi alitangazwa na 73%, Katumbi 18%. Masisi na Rutshuru, sababu ya vita, hakukupigwa kura.