Kuichunguza Namba 2,045,205

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,045,205 katika Mkoa wa Tanga. Mwalimu aiandike namba hiyo ubaoni, kisha aulize: je, yagawanyika kwa 9 bila baki? Wanafunzi wasigawanye kwanza, bali wajumlishe tarakimu: 2+0+4+5+2+0+5=18. Kwa kuwa 18 hugawanyika kwa 9, namba nzima hugawanyika pia. Sababu ielezwe: 40,000 ni 9,999 mara 4, baki 4, na tarakimu nyingine ni vivyo hivyo. Tena namba yaishia na 5, basi hugawanyika kwa 5. Nazo 5 na 9 hazina kigawo cha shirika ila 1. Kwa hiyo hugawanyika kwa 45, na jibu ni 45,449. Kanuni iliyokaririwa tu husahauliwa. Iliyoeleweka, mwanafunzi ataweza kuijenga upya mwenyewe.