Jina la Marehemu, Roho ya Mtoto

Mwalimu asomaye madaftari ya wanafunzi wake wakati wa jioni hukutana na mengi: makosa ya herufi, vichekesho, na mara mojamoja neno limnyimalo usingizi. Neno la namna hiyo tulilikuta katika insha ya kijana mmoja wa miaka 13, hapa kwetu Ruashi. Tulikuwa tumewapa wanafunzi kazi ya kuandika juu ya maisha wayatamaniyo. Wengi waliandika juu ya udaktari, urubani, na nyumba nzuri ya matofali. Kijana huyu aliandika mistari minne tu. Alisema kwamba angependa kugongwa na lori la madini, kisha aamke katika ulimwengu mwingine, mwenye jina jingine, wazazi wengine, na nguvu ambazo hapa duniani hakuna azijuaye.

Wakaao Lubumbashi waijua komini yetu. Mgodi uko jirani, nayo malori mazito si kitu cha hadithi kwetu. Watoto huyapisha kando ya njia kila waendapo shuleni. Ndiyo sababu hatukucheka.

Tulimwita baada ya masomo, tukamwuliza kwa upole, "Mwanangu, maneno haya umeyatoa wapi?"

Akajibu, "Mwalimu, ni hadithi tu. Ziko katika simu ya yaya," yaani ndugu yake mkubwa.

Tukazitafuta hadithi zenyewe, tukatambua kwamba ni nyingi sana, na kwamba vijana wa nchi nyingi huzipenda. Zatoka Japani, nako huitwa isekai, maana yake ulimwengu mwingine. Katika moja yenye sifa, iliyoanza kutolewa katika intaneti mwaka 2012, mtu wa miaka 34 asiye na kazi, aliyejifungia nyumbani miaka mingi, agongwa na lori akijaribu kuwaokoa vijana wengine. Kisha azaliwa upya kama mtoto mchanga, naye ayakumbuka maisha yake ya kwanza. Katika nyingine, mtu wa miaka 37 achomwa kisu barabarani, akazaliwa tena katika nchi ya maajabu akiwa kiumbe cha ute, lakini mwenye nguvu kuwapita wafalme. Mambo mengine yaliyomo hayafai kusomwa na watoto, na wazazi yawapasa kuangalia. Lakini tusidhani kwamba mvuto wake wote ni mbaya. Mtu aliyedharauliwa apewa nafasi ya kuanza upya: ni nani asiyeielewa tamaa hiyo?

Hata hivyo yafaa wanafunzi wetu wajue jambo moja. Dini ya Buda, iliyofika Japani katika karne ya 6, yafundisha kwamba viumbe huzaliwa, hufa, na kuzaliwa tena, kama gurudumu lizungukalo bila kusimama. Lakini mafundisho hayo hayakuuita mzunguko huo zawadi. Yaliuita mateso, na mwenye hekima hutafuta njia ya kutoka katika gurudumu, asirudi tena. Basi ona jinsi hadithi za siku hizi zilivyokigeuza kilio kuwa mchezo.

Tungeweza kukomea hapo, tukaandika onyo juu ya simu, tukalala. Lakini kijana, alipokuwa akiondoka, alisimama mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nyumbani kwetu mimi simo." Siku ya Jumamosi tukaenda kwao.

Tulipokewa vizuri na baba, na mama, na nkambo wao, mama mzaa baba, mwanamke mwenye heshima asiyekosa Misa ya Dominika. Hapo ndipo tulipopata habari yote. Nkambo huyu alikuwa na mwana mwingine, mdogo wake baba wa kijana. Alifukiwa na udongo katika shimo la wachimbaji, miaka miwili kabla kijana hajazaliwa. Mama alipokuwa mja mzito, nkambo alimwona marehemu katika ndoto akiingia nyumbani na kuomba maji. Mtoto alipozaliwa alikuwa na alama ndogo sikioni, mahali pale pale marehemu alipokuwa na kovu. Jamaa wote wakasema, "Amerudi." Akapewa jina lake.

Tangu siku hiyo mtoto hakuwa na kitu chake mwenyewe. Akifaulu hesabu, ni marehemu aliyekuwa hodari wa hesabu. Akiogopa giza, huambiwa, "Marehemu hakuogopa kitu, wewe waogopa nini?" Wenzake wakicheza karibu na mashimo, wao hukaripiwa, yeye huliliwa, kwa kuwa "asife mara ya pili." Kumbe kijana hakutamani ulimwengu mwingine kwa sababu ya Wajapani. Alikuwa amechoka kuishi maisha ya mtu mwingine, akadhani kwamba njia pekee ya kupata maisha yake ni kuzaliwa tena.

Wasomaji, msiwacheke watu wa nyumba ile, wala msiwaite wapagani. Desturi ya kurithisha jina ni ya wazee wetu wengi, Waluba na wasio Waluba, na ndani yake mna upendo mkubwa. Tena wazee wenyewe waliifikiri kwa akili nyingi kuliko tudhanivyo. Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kukaa miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga, alilichungua jambo hili katika kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu, kilichotolewa mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Alitambua kwamba Waluba wasemapo kwamba fulani amerudi, hawasemi kwamba roho imehama toka mwili huu kwenda mwili ule. Mzee mmoja aweza kusemwa amerudi katika watoto kadhaa, naye mwenyewe bado yuko kwa wafu, bado huheshimiwa na kutajwa. Waona ni nguvu yake na ulinzi wake vinavyomfikia mtoto. Mwalimu John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini za Waafrika, naye aliandika kwamba yanayosemwa kurudi ni baadhi ya tabia za marehemu, wala si mtu mzima. Basi hata kwa hekima ya wazee, nyumba ile ilikuwa imevuka mpaka: ilimfanya mtoto kuwa marehemu mwenyewe.

Na Kanisa Katoliki lasema nini? Lafundisha wazi kwamba mtu huishi maisha yake ya dunia mara moja, hufa mara moja, kisha husimama mbele ya Mungu. Roho ya kila mtu yaumbwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, kwa ajili ya mtu huyo tu. Haikuazimwa kwa nkambo, wala haikutumiwa kwanza na mwingine. Siku ya mwisho tutafufuka kila mmoja katika mwili wake. Kama mtoto angekuwa baba yake mdogo, ni nani basi angefufuka?

Injili ya Mtakatifu Luka yasimulia ugomvi wa jina ambao jamaa zetu wangeuelewa mara moja. Elizabeti alipozaa mwana katika uzee, ndugu na majirani walitaka mtoto aitwe Zakaria, kama baba yake. Mama akakataa: ataitwa Yohane. Wakashangaa, kwa maana katika ukoo hapakuwa na mtu wa jina hilo. Baba, aliyekuwa bubu, akaandika katika kibao jina hilo hilo la Yohane. Mungu alikuwa na kazi mpya, akaipa mtu mpya. Baadaye Yohane huyo alikwenda katika roho na nguvu za nabii Eliya, hata watu wakamwuliza kama yeye ndiye Eliya. Akakana. Alikuwa na nguvu ya Eliya, lakini alikuwa Yohane. Je, si hivyo hasa yafaavyo kuwa kwa mtoto mwenye jina la babu yake?

Naye Nikodemo, mwalimu wa Israeli, alimwendea Bwana wetu Yezu Kristu usiku, akasikia kwamba mtu hana budi kuzaliwa tena. Akauliza kama mzee aweza kurudi tumboni mwa mama yake. Bwana akamfundisha kwamba kuzaliwa huko ni kwa maji na kwa Roho Mtakatifu. Kwa hiyo sisi Wakristu tunalo fundisho la kuzaliwa upya, lakini halimtoi mtu katika dunia yake wala halimpi uso wa mwingine.

Tazameni Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana wa nchi yetu ya Kongo. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapewa jina la Isidori. Hakuna aliyesema kwamba mtakatifu wa kale amerudi ndani yake; alikuwa somo wake, mwombezi wake. Wala Bakanja hakuamka katika nchi ya maajabu. Alibaki mfanyakazi wa Wazungu, katika Kongo ile ile ya mateso. Msimamizi mmoja alimchukia kwa sababu ya imani yake na skapulari yake, akaamuru apigwe mijeledi hata mwili ukaoza. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe mtesi wake na kuahidi kumwombea mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Hiyo ndiyo nguvu ya aliyezaliwa tena: kusamehe katika dunia isiyogeuka.

Hata majina yenyewe tusiyape uwezo yasio nao. Wazee wetu wakumbuka jinsi serikali ya Rais Mobutu ilivyoyakataza majina ya ubatizo mwaka 1972, hata Kardinali Joseph Malula, aliyepinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Watu walipewa majina mengine katika vitambulisho. Je, walizaliwa upya? La. Mwivi alibaki mwivi, mwema alibaki mwema. Wala Sakramenti ya Ubatizo haikufutika, kwa kuwa alama yake haikuandikwa katika karatasi.

Mambo hayo tuliyazungumza polepole na watu wa nyumba ile, huku chakula kikiwa mezani. Nkambo alinyamaza muda mrefu. Tukamwuliza, "Nkambo, tangu mwanao afe, mmekwisha kumwombea Misa?"

Akainua macho. "Mwalimu, nitamwombeaje marehemu, naye ala bukari mbele yangu?"

Hapo baba wa kijana akaweka mkono usoni. Sisi sote tulitambua jambo moja kwa pamoja. Katika nyumba ile wawili walikuwa wameibiwa. Mtoto aliye hai alinyimwa maisha yake. Na marehemu, ambaye labda alihitaji sala za mama yake, alikaa miaka kumi na mitano bila kuombewa, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba hakuondoka.

Nkambo akalia. Tulidhani tumemkosea, lakini alikuwa akimlilia mwanawe kama mtu amliliavyo marehemu, labda kwa mara ya kwanza. Kisha akamwita kijana, akamshika sikio lile lenye alama, akasema, "Hili ni sikio lako." Hakuongeza neno.

Misa ilisomwa majuma mawili baadaye. Kijana alikaa karibu na nkambo wake, naye alitajwa kati ya wale waiombeao roho ya marehemu. Hakutajwa kuwa marehemu. Jina lake analo bado, wala halikuhitaji kubadilishwa. Hatutawadanganya kwamba mambo yote yamekwisha. Nkambo husahau mara nyingine, na kijana bado azipenda hadithi za Kijapani. Lakini juzi alituonyesha picha aliyoichora: lori limesimama, na mvulana avuka njia akielekea shuleni.

Wazazi wapendwa, yatokayo hapa ni machache, lakini ni ya lazima. Wapeni watoto majina ya wazee wenu, ila wasimulieni pia wazee hao walikuwa nani, na kwamba wamekufa. Waombeeni Misa, zaidi katika mwezi wa Novemba. Mtoto akiwa na alama mwilini, mpelekeni ubatizoni, msimpeleke kwa mganga kuuliza ni nani aliyekuja. Na mtoto akisema au akiandika kwamba atamani kufa ili aanze upya, msimpige, wala msimcheke, wala msiseme ni mchezo wa simu. Kaeni naye siku ile ile, msimwache peke yake, mkamwulize ni mzigo gani umlemeao. Mwiteni na mwalimu, au padre, au daktari.

Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba Mungu hakuwaumba ili mmalizie maisha ya mtu mwingine. Kabla yenu hapakuwa na mtu kama ninyi, wala baada yenu hatakuwapo. Maisha haya mliyopewa hapa Ruashi, penye vumbi na malori na kengele ya shule, hayakuvaliwa na mtu kabla yenu. Yavaeni.