Gonga Kwanza: Chasisi ya Land Cruiser ya Mzee

Kwenye kipindi kilichopita niligusia tu kwamba mimi na mzee tunafufua gari lake la zamani. Wengi mkauliza: gari gani, na mmefika wapi? Haya, tuongee.

Ni Toyota Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1978. Waliokulia Tanzania wanalijua, gari la porini. Hapa Marekani yaliuzwa mpaka 1983, kwa hiyo bado yapo. Baba alilinunua Houston miaka ya tisini kwa sababu aliwahi kuendesha kama hilo kazini Dodoma. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipozamisha mitaa mingi ya Houston, maji yaliingia gerejini kwake yakafunika magurudumu. Yalipotoka, akafunga mlango wa gereji, basi. Hakuligusa tena.

Mimi naishi Arlington, kama saa nne kwa barabara ya I-45. Mwaka jana nikampigia: shikamoo baba, tulitengeneze lile gari. Akaitikia marahaba, halafu kimya.

Sasa, kwa asiyejua: magari mengi madogo ya siku hizi, bodi ndiyo inabeba kila kitu. FJ40 siyo hivyo. Bodi yake imekaa juu ya chasisi, yaani boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, kama ngazi. Injini, springi, vyote vimefungwa hapo. Ndani ya boriti kuna uwazi. Matope ya mafuriko yakiingia humo yanashika unyevu, na chuma kinaliwa kwa ndani huku nje rangi inang'aa.

Mimi mjuaji nikaja na jibu: tununue chasisi nyingine safi, tuhamishie bodi. Fundi mmoja wa Dallas alinishauri hivyo. Baba akanitazama. "Mama," akasema (nimerithi jina la mama yake), "na namba?"

Namba ya FJ40 imegongwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe, mbele upande wa kulia. Ukibadilisha chasisi, una gari lingine lililovaa nguo za hili. Achilia mbali usumbufu wa makaratasi, baba hakutaka gari lingine.

Akachukua nyundo ndogo. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, lakini masikio yapo. Akaanza mbele: ti, ti, ti. Chuma kizima kinalia. Akafika nyuma: tup. "Weka chaki hapo." Tulimaliza na alama 7, zote nyuma. Penye namba palikuwa pazima.

Tulitoa bodi, tukaosha matope, tukapima kona kwa kona: mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo vikilingana, chasisi haijapinda. Vyetu vililingana. Ndipo nikakata sehemu iliyooza mpaka kwenye chuma kizuri, nikachomelea kipande kipya cha unene uleule. Nilichomelea mfululizo, nikajisifu. Kilipopoa, tofauti ya kona ilikuwa milimita 5. Joto huvuta chuma! Baba hakunigombeza. Alinipa grenda, akasema, "Kata."

Mara ya pili tulifunga kwanza vyuma vya kushikilia, nikachoma vipande vifupi, hapa kidogo, kule kidogo, nikingoja kipoe. Ikakaa. Rangi ya kuzuia kutu tulipaka siku ileile, maana kwa unyevu wa Houston, chuma ukikiacha uchi leo, kesho kimeshaanza wekundu. Ndani ya boriti tukapuliza nta, na matundu ya kutolea maji tukayazibua.

Mwezi uliopita baba alinipa nyundo. "Gonga wewe." Nikaanzia mbele mpaka nyuma. Ti, ti, ti. Nikamuuliza kwa nini alilifungia miaka yote ile.

"Nilijua nikiondoka mtaliuza chuma chakavu," akasema. "Nilikuwa nawapunguzia kazi."

Bado breki, bado nyaya, bado bodi. Ila sasa yeye ndiye ananipigia simu: unakuja lini?

Kama mzee wako ana gari limefungiwa mahali, usikimbilie kununua chochote. Chukua nyundo, nenda naye, mgonge pamoja. Halafu tuandikie, mlisikia nini?